Wanasesere wa felti: babu wa kanzu, bibi wa kanga na kima punju

Mwanasesere wa felti hatambuliwi kwa pua wala mdomo. Hutambuliwa kwa alama mbili tatu ambazo mtu anaziona akiwa bado mlangoni: kofia iliyokaa mbele kidogo, ushungi mweupe wa msichana wa skuli, pakacha la mchumaji karafuu. Kwa hiyo kabla hujagusa mkasi, andika kwenye karatasi ni nani au ni mnyama gani unayetaka kumshona, na chini yake alama tatu basi. Babu: kanzu, kofia, bakora. Kima punju: nywele nyeupe kuzunguka uso mweusi, mgongo mwekundu, mkia mrefu. Ukifika ya tano na bado unaongeza, utamaliza na kitu kilichojaa mapambo ambacho hata mwenye kupewa atauliza ni nani huyu. Jitihada yote iende kwenye hizo tatu. Kwingine kunatosha mshono safi.

Felti yenyewe

Felti haikufumwa. Nyuzi zake zimeshindiliwa mpaka zikashikana, ndiyo maana ukiikata haifumuki wala haihitaji pindo. Kwa anayeshona kwa mkono hiyo ni neema: mshono unaweza kukaa nje, ukaonekana, ukawa ndio pambo.

Zile zinazouzwa vipande vya ukubwa wa karatasi ya A4 kwa kawaida ni za poliesta au akriliki. Zipo laini na zipo ngumu kama kadi. Ngumu ziache, zinafaa mapambo ya ukutani. Uwe sokoni Darajani, Unguja, uwe Chake Chake, Pemba, omba ukishike kipande mkononi na ukifanyie majaribio matatu. Kunja kona kisha uachie: ikirudi taratibu bila kubaki na mstari mweupe, hiyo ni laini ya kutosha. Inua kwenye mwanga: ukiona madoa ya mwanga yamepenya, ni nyepesi mno na pamba ya ndani itachungulia. Halafu ivute kwa urefu na kwa upana. Ingawa haina nyuzi zilizofumwa, karibu kila felti huvutika upande mmoja zaidi ya mwengine. Upande usiovutika uelekee kichwani hadi miguuni, la sivyo ukijaza pamba shingo inarefuka na mwanasesere anakuwa kama twiga.

Ipo pia felti ya sufu, yaani manyoya ya kondoo. Bei yake ni kubwa, lakini sindano hupita ndani yake bila kelele na ukingo wake hauchoki upesi. Hapa tusichanganye maneno: sufu ni ya kondoo, sufi ni ya mti wa msufi. Sufi tutaifikia kwenye kujaza.

Nyekundu na nyeusi zijaribu kabla. Sugua kona kwa kitambaa cheupe kilicholoweshwa. Kikitoka na rangi, usiiweke felti hiyo jirani na nyeupe. Mkono wa mtoto una jasho, na jasho linatosha kuhamisha rangi ya koti kwenye shavu la mwanasesere.

Kwa mtu wa urefu wa sentimita 18 unahitaji karatasi moja ya A4 ya rangi ya mwili, na nusu karatasi kwa kila rangi ya nguo. Uzi wa kudarizi fungu moja kwa kila rangi ya felti. Fungu la kawaida lina mita 8 na ndani yake kuna nyuzi sita zinazotengana. Sindano ya kudarizi yenye tundu refu na ncha kali, pini chache, subana ya kidole cha kati, na mkasi wa kitambaa ambao haukati karatasi. Huo wa mwisho ni wa kukazania. Karatasi huua makali, na mkasi butu hautoi ukingo laini, huacha meno meno ambayo hakuna mshono utakaoyaficha.

Kukata

Chora sampuli kwenye kadi ya boksi la biskuti. Kichwa na kiwiliwili viwe kipande kimoja: kichwa upana sentimita 6 na urefu 6, shingo upana usipungue 2.5, kiwiliwili upana 7 na urefu 7. Miguu sentimita 6 kila mmoja, moja kati ya hizo itaingia ndani ya kiwiliwili. Mikono sentimita 7 na moja pia iingie ndani. Upana wa mkono na mguu ni 2.5. Ukiupunguza ukafika chini ya 2, hakuna pamba itakayoingia. Afadhali ushone tabaka mbili bila kujaza.

Kichwa kimekuwa theluthi ya urefu wote, ambavyo si maumbile ya mtu. Makusudi. Kichwa cha kipimo cha kweli kikishonwa kidogo namna hii kinakosa nafasi ya uso, na mwanasesere anaonekana mkali.

Kunja karatasi katikati na uchore nusu tu, kisha ukate ikiwa imekunjwa, upate pande mbili zinazolingana. Kwenye felti nyeusi au ya kahawia chora kwa kipande chembamba cha sabuni. Kwenye nyeupe tumia penseli kwa mkono mwepesi na ukate kwa ndani ya mstari. Usitumie kalamu ya wino. Wino huo utatokea baadaye, siku ya mvua au siku ya kufua.

Unapokata, mkono wa mkasi utulie na mkono wa pili ndio ugeuze kitambaa. Kata kwa urefu wa makali, si kwa ncha. Mviringo wa kichwa ukiukata kwa ncha ndogo ndogo unatoka na pembe kama sarafu iliyogongwa.

Uso kabla ya mwili

Kosa linalorudiwa na wengi ni kushona mwili wote, kuujaza, kisha ndipo kutafuta pa kuweka macho. Sindano haifiki, fundo halina pa kujificha, na uso unavutwa ndani kama tufaha lililooza. Uso udarizi kipande cha mbele kikiwa bado kimelala mezani.

Chukua pini mbili zenye vichwa vya rangi, zichomeke pahala unapodhani macho yatakaa, kisha simama hatua mbili nyuma utazame. Macho yakae chini kidogo ya nusu ya kichwa, na kati ya jicho na jicho pawe sentimita 2 kwa kichwa hiki. Yakipanda juu, mwanasesere anazeeka. Yakikaribiana, anaonekana ana hila. Milimita mbili zinabadilisha tabia nzima, kwa hiyo usione tabu kuhamisha pini mara kumi.

Jicho ni fundo moja: uzi wa nyuzi tatu, toa sindano mbele, zungusha uzi mara mbili kwenye sindano, uikaze kwa kidole gumba, kisha rudisha sindano milimita moja pembeni ya pale ilipotokea. Ukiirudisha kwenye tundu lile lile fundo linapita na kupotea nyuma. Mdomo ni uzi mmoja tu, mshono wa kurudi nyuma (kila hatua sindano hurudi hadi pale hatua iliyopita ilipoishia) wenye hatua za milimita 2. Bibi au babu apate mistari miwili mifupi pembeni ya macho, kwa uzi wa rangi iliyokoza kidogo kuliko ngozi. Uzi mweusi hapo unatoa makovu, hautoi makunyanzi.

Wapo wanaokataa kuweka ndani ya nyumba kitu chenye sura iliyotimia, kwa sababu ya dini, na hilo ni la kuulizwa mapema, kabla ya kukata. Mwanasesere wa watu hao mwache bila uso kabisa. Wala hapungukiwi. Hapo ndipo zile alama tatu zinapofanya kazi: bibi asiye na macho aliyejitanda kanga vizuri anajulikana kuliko mwenye kope zote lakini nguo zimekaa ovyo.

Mshono wa ukingoni

Mshono unaofaa ni ule wa blanketi. Kata uzi wa urefu kutoka ncha ya kidole hadi kwenye kiwiko, kama sentimita 45. Uzi mrefu zaidi ya huo hujisokota na kuchoka kwa kupitishwa mara nyingi. Toa nyuzi mbili kati ya zile sita, ukivuta mmoja mmoja. Ukivuta mbili kwa pamoja zinafungana katikati.

Weka vipande viwili mgongo kwa mgongo. Fundo la kwanza lifichwe katikati ya tabaka. Choma kutoka mbele kwenda nyuma, milimita 3 kutoka ukingoni, na kabla hujakaza pitisha sindano ndani ya kitanzi cha uzi ili uzi ulale juu ya ukingo. Hatua inayofuata iwe mbali milimita 3 au 4. Wanaoanza hukaribiana sana na ukingo, milimita moja, na hapo felti inachanika siku mwanasesere anapovutwa mguu. Wengine hukaza mno, ukingo ukaingia mawimbi. Uzi ulale tu, usiume. Ikikutokea, usifumue kote: ingiza ncha ya sindano chini ya kila mshono na uulegeze kidogo ukielekea pale ulipo, kisha uzi uliobaki uuvute nyuma.

Miguu na mikono ishonwe na kujazwa kwanza, kila mmoja peke yake, juu ukiwa wazi. Halafu ichomekwe kati ya mbele na nyuma ya kiwiliwili kwa sentimita moja, ipigwe bandi, yaani mishono mirefu ya muda, ili isihame, ndipo uzunguke mwili wote. Hapo kwenye viungo sindano inapita tabaka nne, na subana inajilipa. Anza chini ya kwapa la kushoto, zunguka kichwa, shuka, pita miguuni, na uache uwazi wa sentimita 4 ubavuni. Uwazi usiachwe chini wala kichwani: chini panabeba uzito, kichwani panaonekana.

Kujaza

Pamba ya poliesta ya mito ndiyo nyepesi kuishughulikia: hurudi ikibonyezwa na haiogopi maji. Viganja viwili vilivyojaa vinatosha mtu wa sentimita 18. Pamba ya kawaida hujikusanya mabonge ikilowa na hukawia kukauka.

Sufi tunayo, magodoro na mito ya zamani ilijazwa kwayo, na mwanasesere wa sufi ni mwepesi ajabu. Nyuzi zake zina nta inayokataa maji. Kwa sababu hiyo zamani zilijazwa kwenye maboya ya kuokolea watu baharini. Lakini ina masharti. Inapeperuka na kuingia puani, kwa hiyo ifanyie kazi ndani ya mfuko mkubwa wa kitambaa, madirisha yamefungwa, pua imefungwa kwa mtandio. Ondoa mbegu zote kwa vidole. Haipendi kufuliwa, hushikamana. Na huwaka upesi sana, basi isikaribie mshumaa wala jiko. Mwanasesere wa kukaa kwenye rafu, sufi ni nzuri. Wa kulala na mtoto, poliesta.

Chochote utakachotumia, kianike juani kwanza. Mwezi wa Aprili, masika yamekolea, pamba iliyokaa mfukoni imeshavuta unyevu bila wewe kuhisi, na ukiishona ndani ya felti ukungu utaota kutokea ndani.

Jaza vifinyo vidogo, ukubwa wa punje ya korosho, kwa kijiti cha mshikaki ulichokikata ncha yake kali. Bonge kubwa likiingia mara moja linabaki bonge. Anza pembe za mbali: mashavu, mabega. Shingo ijazwe ngumu kuliko pahala pengine popote, ikiwezekana utie kipande cha felti kilichoviringishwa kama sigara, nusu kikae kichwani na nusu kifuani. Vichwa vinavyolala begani vyote asili yake ni shingo iliyojazwa mwisho.

Anayetakiwa akae kitako atiwe uzito chini. Mchele na choroko si vya kutumia, fukusi wataingia. Changarawe ndogo au mchanga ndio wenyewe, lakini mchanga wa pwani una chumvi na chumvi huvuta maji hewani: usuuze kwa maji baridi mara tatu, uanike hadi ukauke kabisa, kisha uutie kwenye kifuko kilichoshonwa mara mbili.

Nguo

Kanzu ya felti haikai, inasimama kama kengele. Tumia kitambaa chepesi cha pamba, cheupe, kilichofuliwa na kupigwa pasi. Vipande viwili vya umbo la T, upana wa chini sentimita 10, urefu kutoka begani hadi kwenye vifundo vya miguu. Kwa kuwa hiki kimefumwa, kitafumuka, kwa hiyo ongeza sentimita moja kila upande kwa ajili ya mshono na pindo. Shingoni weka mstari wa nakshi kwa uzi mmoja wa kahawia hafifu.

Kofia ndiyo itakayomtambulisha babu, basi ipewe muda. Jaza kichwa kwanza, kisha kizungushe uzi pale kofia itakapokaa na uupime. Tuseme umepata sentimita 12. Gawanya kwa 3.14, unapata 3.8: hicho ndicho kipenyo cha kifuniko cha juu. Utepe wa pembeni ni urefu 12, kimo 1.8. Felti nyeupe, uzi mweupe, ncha za utepe zikutane bila kupandiana. Kabla ya kuufunga utepe, darizi safu mbili za vitone kwa uzi mmoja wa rangi ya maziwa au ya dhahabu, umbali wa milimita 3, kufuata mfano wa viua, vile vitundu vilivyodariziwa vya kofia za kushonwa kwa mkono. Usijaribu kutoboa viua vya kweli. Felti hujifunga yenyewe pale sindano ilipopita. Watu wa kwetu wanajua kofia, na kofia iliyokaa upande wataiona kabla ya chochote.

Kanga ya bibi ikatwe kwenye pindo la kanga kuukuu, si kwenye mji, yaani sehemu ya katikati. Maua ya mjini ni makubwa, kwenye mwili wa sentimita 18 linaonekana doa moja tu la rangi. Kuukuu nayo ina sababu: kanga mpya ina wanga, ni ngumu, na rangi yake haijatulia. Vipande viwili, kila kimoja sentimita 16 kwa 9, pindo la milimita 5 pande zote. Kimoja kifungwe kifuani, cha pili kijitandwe kichwani na kushikizwa kwa mishono mitatu isiyoonekana: utosini na kila bega. Jina la kanga halitoshei hapo. Ukitaka maneno, darizi neno moja fupi, au uyaache.

Gundi isitumike kwenye nguo wala mwilini. Hupenya felti nyepesi ikatoa doa linalong'aa, hugeuka ngumu, na sindano haipiti tena ukitaka kurekebisha. Pasi nayo iwe ya moto mdogo, juu ya kitambaa chenye unyevu, kwa kuwa felti ya poliesta na ya akriliki huyeyuka.

Kima punju na popo

Kima punju wanajulikana na kila aliyefika msitu wa Jozani, Unguja, kwa hiyo makosa yake huonekana. Mgongo ni mwekundu wa kahawia, mabega na mikono kwa nje nyeusi, tumbo jeupe. Uso mweusi, midomo na pua ina waridi. Mkia ni mrefu kuliko mwili: kima wa sentimita 14 apewe mkia wa 17. Mkia usijazwe pamba. Viringisha ukanda wa felti wenye upana wa sentimita 3 na uushone kwa urefu, utapindika unavyotaka. Mikono ina vidole vinne. Kidole gumba chake ni kama hakipo, na ukimuweka kidole gumba umeshona kima mwengine.

Nywele za kuzunguka uso: ukanda wa felti nyeupe upana 1.5, uukate michirizi ya sentimita moja kila milimita 2, kisha uushone katikati ya mbele na nyuma ya kichwa unapopiga mshono wa ukingo. Macho meusi juu ya uso mweusi yanapotea. Weka fundo la kahawia na juu yake kitone cheupe cha uzi mmoja.

Kwa mtu wa Pemba, au aliye mbali na anayeikumbuka Pemba, shona popo. Popo wa Pemba hapatikani kwengine duniani, na kwenye hifadhi ya Kidike wananing'inia mitini mchana kweupe. Mwili rangi ya hudhurungi iliyoelekea chungwa, uso, masikio na mabawa meusi. Mabawa yake ya kweli yakitandazwa hufika kama mita moja na nusu, na ukifuata uwiano huo kwa mwili wa sentimita 10 utapata kitu kisichobebeka. Yapunguze hadi upana wa sentimita 32 kwa jumla. Tabaka mbili za felti nyeusi, bila pamba, na mifupa ya bawa ichorwe kwa mshono wa kurudi nyuma unaopita tabaka zote mbili, uzi wa kijivu. Bila mishono hiyo bawa linalegea kama kitambaa cha kufutia. Miguuni weka kitanzi cha uzi, maana popo anatakiwa aning'inie kichwa chini.

Kabla ya kumtoa

Mtoto wa chini ya miaka mitatu asipewe shanga, kifungo, wala chochote kinachoweza kung'oka na kikatosha kinywani. Bakora ya babu pia iondoke, hata ikiwa ni ya felti ngumu. Vuta kila mkono na mguu kwa nguvu zako mwenyewe. Kinachotoka mkononi mwako kingetoka mkononi mwake. Wapo wanaopenda kutia karafuu tumboni kwa ajili ya harufu. Kwa mtu mzima sawa, ila ziwe ndani ya kifuko cha kitambaa kizito, kwani zikibanwa hutoa mafuta na felti nyeupe hubaki na doa la kahawia.

Hesabu pini na sindano zako zote kabla ya kuziba ule uwazi wa ubavuni, na uhesabu tena baada ya kuziba. Kwa hewa yetu pini iliyosahaulika usiku mmoja wa mvua huacha kutu isiyotoka, hiyo ikiwa bahati. Bahati mbaya ni iliyosahaulika ndani.

Kufua ni kwa mkono, maji baridi na sabuni kidogo, kubonyeza bila kusugua, kisha akaushwe amelala kivulini. Akianikwa kwa kamba kwa kubanwa mkono, mkono utarefuka.

Usimfunge kwenye mfuko wa plastiki. Mfunge kwa kipande kilichobaki cha kanga ile ile, na ndani ya mkunjo uweke uzi wa rangi ya mshono wake, sentimita 45, umezungushwa kwenye kadi. Mguu ukilegea mwakani, atakayeushona hatahangaika kutafuta rangi.